Namna ya Kuyafanya Madaftari Yasikilizane

(Haya ni maneno ya somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Kiongozi wa darasa na ayasome polepole, na anyamaze kidogo penye swali ili wanafunzi wapate kujibu.)

Natumaini kwamba kila mtu amekwisha kaa, taa inawaka vizuri, na daftari lipo mbele yake.

Wazee wetu walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii mwaijua. Nayo ndiyo iliyowaleta wengi wenu darasani: mwenye duka apate kuandika madeni, mkulima apate kuandika magunia yake, mama apate kusoma kadi ya kliniki ya mtoto wake. Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linalofuata baada ya hapo. Daftari tunalo, na tumeandika vema. Je, daftari langu na daftari lako yakikutana, yatasikilizana? Maana mali yaweza kupotea hata penye madaftari mawili, ikiwa kila moja lina maana zake.

Nitaanza na kosa langu mimi mwenyewe, kwa sababu kosa la mwalimu ni somo zuri.

Mwaka mmoja niliagizwa kuomba vitabu vya kusomea kwa ajili ya vituo vitatu vya watu wazima. Nilipeleka barua, nikawauliza viongozi: mna wanafunzi wangapi? Majibu yalikuja upesi. Kituo cha kwanza kilisema 42. Kituo cha pili kilisema 19. Kituo cha tatu kilisema 27. Nikajumlisha, nikapata 88. Nikaandika 88 katika kompyuta ya ofisi, nikapeleka maombi, nikalala usingizi mzuri.

Vitabu vilipokuja, kila kituo kilipata kama kilivyosema. Katika kituo cha kwanza vitabu 16 vilibaki kabatini, havina msomaji. Katika kituo cha pili watu wawili walikuwa wakitumia kitabu kimoja. Nilipokwenda kuwatazama, mama mmoja mtu mzima aliniambia, "Mwalimu, herufi nimekwisha zijua. Ila siku ninayopata nafasi, kitabu kiko kwa mwenzangu." Maneno hayo sikuyasahau.

Kosa lilikuwa wapi? Hakuna kiongozi aliyesema uwongo. Hesabu yangu ya kujumlisha ilikuwa sahihi. Lakini yule wa kwanza aliandika wote walioandikishwa tangu mwanzo wa mwaka, pamoja na wale waliokwisha acha. Waliokuwa wakija ni 26 tu. Yule wa pili aliandika walioketi darasani jioni ile aliyopata barua yangu, na ilikuwa siku za kuvuna mpunga. Wanafunzi wake hasa walikuwa 38. Yule wa tatu aliandika wanaoendelea kusoma. Neno "mwanafunzi" lilikuwa moja, na maana zilikuwa tatu. Nami nilijumlisha maana tatu kana kwamba ni moja.

Sasa, wanafunzi, shikeni jambo hili, kwa kuwa ndilo somo lenyewe: Madaftari hayasikilizani kwa sababu yana maneno yaleyale. Husikilizana yakiwa na maana zilezile.

Hebu tutazame mfano wa pili, nao ni wa mpunga.

Karani wa chama cha ushirika aandika katika daftari lake: mpunga, kilo 1,000. Mpunga huohuo wapelekwa mashineni kukobolewa. Mwenye mashine aandika: mchele, kilo 650. Ninyi na mimi hatuna taabu hapa. Twajua kwamba mpunga ndio una maganda, mchele umekobolewa, na wali umepikwa. Lakini madaftari yote mawili yakiingizwa katika kompyuta iliyotengenezwa na mtu wa nchi ambayo lugha yake ina neno moja tu kwa vitu hivi vyote, kompyuta itafanya nini? Itajumlisha 1,000 na 650. Itasema kijiji kina kilo 1,650. Chakula kilekile kimehesabiwa mara mbili! Na mtu mkubwa akisoma hesabu hiyo, aweza kusema kijiji kina shibe, asilete msaada wakati wa njaa.

Kompyuta si mjinga, wala si mwerevu. Ni mtumishi anayefuata alichoambiwa, neno kwa neno. Mtoto wa miaka saba ajua kwamba mchele hutoka katika mpunga. Kompyuta haijui, mpaka iambiwe.

Hata saa zetu hufanya hivyo. Sisi twahesabu saa tangu jua linapochomoza. Mgonjwa akiandikiwa katika karatasi arudi saa 8, aweza kuja mchana baada ya kula, hali mganga, aliyefuata saa ya ukutani, alimngoja asubuhi. Tarakimu ni moja, siku imepotea.

Basi dawa yake ni nini? Dawa ni kupatana kabla ya kuandika. Na mapatano hayo yana sehemu nne. Kiongozi wa darasa, tafadhali andika ubaoni.

Kwanza, kila kitu kielezwe maana yake kwa maneno kamili. Si kusema "mchele" tu, bali "punje za mpunga zilizokwisha tolewa maganda, hazijapikwa".

Pili, kila maana ipewe alama yake, kwa kawaida namba, isiyobadilika. Jina laweza kubadilika toka kijiji hadi kijiji. Namba haina kabila.

Tatu, ukoo wa kila kitu uandikwe. Yaani, kitu hiki ni aina ya nini? Ni sehemu ya nini? Hutokana na nini? Msidhani maswali haya ni mamoja. Kuku ni aina ya ndege. Bawa ni sehemu ya ndege. Nikiwauliza mna ndege wangapi nyumbani, kila kuku atahesabiwa, lakini bawa halihesabiwi. Na yai hutokana na kuku. Kompyuta ikiambiwa habari hizi, haitahesabu mabawa kuwa ndege. Na ikiambiwa kwamba mchele hutokana na mpunga, haitajumlisha vitu viwili vilivyo kimoja.

Nne, kipimo kitajwe. Kilo au ratili? Debe au lita? Gunia la kilo ngapi?

Mapatano ya namna hii, yakiisha kuandikwa kwa utaratibu ambao kompyuta yaweza kuufuata, wataalamu huyaita ontolojia. Asili ya neno hilo ni Kigiriki, nalo hapo kale lilitumiwa na watu wa falsafa kwa maana ya elimu juu ya vitu vilivyopo. Msiliogope. Katika somo hili sisi tutasema "kamusi ya maana". Inafanana na kamusi ya kawaida, ila hii yaeleza pia ukoo wa kila kitu.

Kamusi za namna hii zipo tayari, na zatumika. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lina moja iitwayo AGROVOC, iliyoanzishwa katika miaka ya 1980. Ndani yake kila maana ya mambo ya kilimo ina alama yake, na chini ya alama hiyo yameandikwa majina kwa lugha nyingi, na Kiswahili ni mojawapo. Mtu wa Brazil akitafuta kwa lugha yake, na mtu wa Tanzania akitafuta kwa Kiswahili, wote wawili wafikishwa penye kitu kimoja.

Huenda mmoja wenu anauliza sasa: "Mwalimu, je, ina maana kila mtu atupe daftari lake, sote tuandike namna moja?"

Hapana. Fikirini habari za soko. Sokoni huja watu wa makabila mengi. Wakiwa kumi, kila mmoja na lugha yake, na kila mmoja akitaka kujifunza lugha ya kila mwenziwe, zitahitajika njia 45 za kufasiri. Jaribuni kuzihesabu baada ya somo, mtaona. Lakini watu wa sokoni hawafanyi hivyo. Kila mmoja hubaki na lugha ya nyumbani kwake, naye hujua Kiswahili. Njia 45 zimekuwa 10 tu. Kamusi ya maana ni kama Kiswahili cha madaftari. Hospitali yabaki na daftari lake, ushirika na lake, shule na lake. Kila mmoja huandika mara moja tu: neno langu hili ndilo namba fulani katika kamusi yetu. Baada ya hapo daftari lake laweza kuzungumza na mengine yote.

Sasa twende hospitalini, kwa maana huko ndiko kutosikilizana kunakoua.

Jambo hili si geni. Katika Uingereza palikuwa na bwana mmoja, William Farr, aliyefanya kazi ya kukusanya hesabu za vifo katika ofisi ya serikali. Katika ripoti ya kwanza ya ofisi hiyo, mwaka 1839, alilalamika kwamba ugonjwa mmoja waitwa kwa majina matatu au manne, na tena jina moja hutumika kwa magonjwa mbalimbali. Alisema kwamba majina yaliyopatanwa ni ya lazima katika kazi hii, kama vile mizani na vipimo vilivyo vya lazima katika elimu ya vitu. Maana mtu hawezi kujua kama ugonjwa wazidi au wapungua, ikiwa mwaka huu waitwa hivi na mwaka kesho waitwa vile.

Mwaka 1853 wataalamu wa hesabu wa mataifa mbalimbali walikutana Brussels, nchini Ubelgiji. Walimwomba Bwana Farr, pamoja na Bwana Marc d'Espine wa Geneva, watengeneze orodha moja ya sababu za kifo itakayofaa kwa nchi zote. Walipokutana tena Paris mwaka 1855, mabwana hao wawili walileta orodha mbili zisizofanana! Kila mmoja aliyapanga magonjwa kwa njia yake. Ikawabidi wataalamu wapatane juu ya orodha ya katikati, yenye mafungu 139. Mwaona kwamba hata watu wenye elimu kubwa hawapatani upesi juu ya maana. Msikate tamaa basi, mkiona kamati ya kijiji inabishana.

Mwaka 1893, katika mkutano uliofanyika Chicago, Marekani, ilikubaliwa orodha iliyotengenezwa na Bwana Jacques Bertillon wa Ufaransa. Mwaka 1948 kazi hiyo iliingia mikononi mwa Shirika la Afya Duniani. Orodha imekuwa ikitengenezwa upya mara kwa mara tangu hapo. Toleo lake la kumi na moja lilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, ingawa nchi nyingi bado zatumia lile la kumi.

Nitawaonyesha namna orodha hiyo ifanyavyo kazi. Katika toleo la kumi, malaria ina alama tano, kuanzia B50 hadi B54. B50 ni malaria iletwayo na kijidudu kiitwacho Plasmodium falciparum, ambacho ndicho kinachoua watu wengi zaidi hapa Afrika. B54 ni malaria ambayo aina yake haikutambuliwa. Sasa zahanati moja yenye darubini imeandika B50. Zahanati nyingine isiyo na darubini imeandika B54. Wizara ikiuliza, "Wagonjwa wangapi wa malaria wilayani?" kompyuta isiyojua ukoo itaona alama mbili tofauti, itafikiri ni magonjwa mawili. Kompyuta iliyoambiwa kwamba zote mbili ni aina za malaria, itazihesabu pamoja. Na wizara ikiuliza juu ya falciparum peke yake, kompyuta itachukua B50 na kuiacha B54. Ndiyo faida ya kuandika ukoo. Mtu aweza kuuliza swali pana au swali finyu, apate jibu la kweli.

Hapa yanipasa kuwaonya juu ya hatari moja. Ni hatari ya kulinganisha vitu visivyo sawa.

Mwalijua neno degedege. Mtoto ana homa, mara anakakamaa, macho yanageuka, mwili watetemeka. Watafiti waliofanya kazi wilayani Bagamoyo katika miaka ya 1990 waliwakuta wazazi wengi wakisema degedege si malaria, ni ugonjwa mwingine, nao wakaona ni wa kupelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji. Kwa daktari, mtoto huyo aweza kuwa na malaria kali ipigayo ubongo, naye ahitaji dawa saa ileile. Katika nyumba moja kulikuwa na maneno mawili, katika hospitali maneno mengine, na kati yake mtoto anayekata roho.

Basi karani wa kompyuta aweza kusema, "Jambo rahisi! Kila penye degedege nitaandika malaria." Je, amefanya vema? Fikirini kidogo.

Hapana, hakufanya vema. Degedege yaweza kuletwa na malaria. Lakini yaweza pia kuletwa na ugonjwa wa uti wa mgongo, au na homa ya sababu nyingine, na wengine hulitumia neno hilo hata kwa kifafa. Degedege ni dalili ionekanayo. Malaria ni mojawapo ya sababu zake. Karani akiyafanya kuwa kitu kimoja, hesabu ya malaria itazidi, na ule ugonjwa wa uti wa mgongo utafichika ndani yake, usitafutiwe dawa.

Kwa hiyo kamusi nzuri ya maana haina neno "sawasawa" peke yake. Mtu anayelinganisha daftari lake na kamusi huchagua moja katika maneno manne: ni kilekile, ni kipana zaidi, ni kifinyu zaidi, au vyakaribiana tu. Akiona hakuna hata kimoja kinachofaa, huacha nafasi wazi na kuuliza. Nafasi iliyo wazi ni afadhali kuliko jibu la uwongo, maana nafasi wazi huonekana, na uwongo hauonekani. Kuuliza si ujinga.

(Na kwa wazazi wote wanaonisikiliza: mtoto akipata degedege, iwe yaitwaje kwenu, mpelekeni hospitali mara moja.)

Mfano wa kazi hii uko karibu nasi, nchini Kenya. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na mji wa Eldoret, watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walianza kutunza habari za wagonjwa kwa kompyuta. Kazi ya kuwatibu watu wenye virusi vya Ukimwi ilipokua huko Eldoret, ilionekana kwamba daftari kubwa zaidi lahitajika. Mwaka 2004 ilianza kutengenezwa programu iitwayo OpenMRS. Katikati ya programu hiyo waliweka kamusi ya maana. Kila jambo ambalo mganga aweza kuuliza, na kila jibu aliwezalo kupata, lina namba yake humo. Daktari akitaka kuongeza swali jipya, hana haja ya kuitengeneza programu upya. Huongeza maana moja katika kamusi. Leo programu hiyo yatumika Kenya, Uganda, Rwanda na nchi nyingine nyingi.

Katika kamusi moja inayotumika sana na programu hiyo, uzito wa mwili una namba 5089. Na maana yake imeandikwa: uzito kwa kilo. Mwaona kwamba kipimo kimetajwa humohumo. Je, yafaa nini? Chukueni mtoto mchanga wa ratili 11. Ratili 11 ni kama kilo 5. Kama kadi yake imeandikwa "11" tu, na muuguzi wa kituo kingine akadhani ni kilo, atampa mtoto dawa ya mtu wa uzito zaidi ya mara mbili. Hakuna aliyekosa kusoma. Hakuna aliyekosa kuandika. Neno moja dogo limekosekana, "kilo", na mtoto apata madhara.

Sasa mtasema, "Mwalimu, sisi si makarani wa wizara. Yatuhusu nini?"

Yawahusu sana. Kila hesabu kubwa katika kompyuta ya nchi ilianza katika daftari dogo la kijiji. Kompyuta haiwezi kuitengeneza maana iliyokosewa huko chini. Wengi wenu mu katika vikundi vya kuweka na kukopa, mu katika ushirika, mu katika kamati za shule na za maji. Ninyi ndio mtakaoandika, au mtakaosimama juu ya anayeandika. Basi mkipewa karatasi ya kujaza, ulizeni maswali haya matatu kabla kalamu haijagusa karatasi.

La kwanza: neno hili lina maana gani hapa? Karatasi ikisema "kaya", ulizeni: ni watu wanaolala nyumba moja, au ni watu wanaokula chungu kimoja? Mtu mwenye nyumba mbili aandikwe mara ngapi?

La pili: kipimo ni kipi, na siku ni ipi? Magunia mangapi, na gunia moja ni kilo ngapi? Ni la kawaida, au ni lumbesa lililofungwa kwa kilemba juu?

La tatu: nani mwingine atalisoma daftari hili, naye atalielewaje? Daftari la kikundi likisomwa na benki, neno "akiba" lina maana ileile kwao na kwenu? Mchango wa mazishi umo, au haumo?

Msione haya kuuliza. Na mtu akiwakemea kwa kuuliza, mwambieni kwamba afisa mmoja wa elimu hakuuliza, na darasa zima likakosa vitabu.

Nimalizie habari za vitabu vyangu. Vile 16 vya kabatini nilivichukua mwenyewe kwa basi, nikavipeleka kituo cha pili, lakini miezi miwili ilikuwa imekwisha pita. Vilipungua bado vitatu. Baadaye niliwaita viongozi wote watatu, tukaketi asubuhi nzima. Tulibishana sana. Kiongozi mmoja alisema mtu aliyeacha darasa bado ni mwanafunzi, kwa kuwa aweza kurudi. Mwingine alikataa. Mwisho hatukulazimisha neno moja libebe yote. Tuliweka maneno matatu. Aliyeandikishwa ni mtu ambaye jina lake limo katika orodha ya mwaka huu. Aliyehudhuria ni mtu aliyekuwapo siku iliyotajwa. Anayeendelea ni mtu aliyeandikishwa, tena amehudhuria angalau mara moja katika majuma manne yaliyopita. Tukakubaliana pia kwamba kila anayeendelea ameandikishwa, lakini si kila aliyeandikishwa anaendelea. Vitabu huombwa kwa hesabu ya wanaoendelea.

Maelezo hayo yalienea nusu ukurasa tu. Yamebandikwa ndani ya jalada la daftari la kila kituo, na yameingizwa katika kompyuta ya ofisi. Mwaka uliofuata nilijumlisha tena hesabu za vituo vitatu. Safari ile nilikuwa ninajumlisha kitu kimoja. Yule mama alipata kitabu chake, akaandika jina lake kwenye jalada kwa mkono wake.

Haya, sasa ni zamu yenu.

MASWALI

1. Kwa nini hesabu ya wanafunzi 88 ilikuwa na kosa, hali kila kiongozi alisema kweli?

2. Taja tofauti kati ya "aina ya" na "sehemu ya". Toa mfano wako mwenyewe, usiwe wa kuku.

3. Madaftari matano yakitaka kufasiriana moja kwa moja, zahitajika njia ngapi? Na yakitumia kamusi moja ya maana, zahitajika ngapi? (Chora nukta tano, uziunganishe kwa mistari.)

4. Kwa nini si vema kuandika "malaria" kila penye neno "degedege"?

5. Kazi ya darasa zima: chagueni neno moja katika daftari la kikundi chenu, kama "mwanachama", "deni" au "gunia". Kila mtu aandike maana yake peke yake, pasipo kumtazama mwenziwe. Kisha someni kwa sauti. Mkiona maana zimetofautiana, patanani, mwandike maana moja kwa maneno kamili, na mwibandike ndani ya jalada.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kuhudhuria: kuwapo mahali pa mkutano au darasa.
Kukoboa: kutoa maganda ya nafaka.
Ratili: kipimo cha uzito, karibu nusu kilo.
Dalili: jambo linaloonyesha kwamba kuna jambo jingine.
Ukoo: watu au vitu vyenye asili moja.
Kupatana: kukubaliana baada ya kuzungumza.
Ontolojia: kamusi ya maana, mapatano yaliyoandikwa juu ya vitu, maana zake na ukoo wake.

Kwaherini, wanafunzi wapenzi. Someni vema.